Ugonjwa Usiouma: Uhakiki wa Filamu ya Televisheni The Boy in the Plastic Bubble

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwaachia wataalamu wa mawasiliano jukumu la kuichunguza televisheni. Yamkini sababu ni kwamba filamu ya televisheni huonyeshwa usiku, na kufikia asubuhi huwa imesahaulika, ilhali riwaya na diwani hukaa rafuni zikimsubiri msomaji. Sababu hiyo haitoshi. Filamu ni usimulizi. Ina msuko, wahusika, mandhari, mgogoro na utatuzi wake. Ina hadhira inayolengwa na maadili inayoyaeneza, hata pale inapodai kwamba haina nia ila kutumbuiza. Fauka ya hayo, hadhira yake ni kubwa kuliko ya kitabu chochote tunachokifundisha darasani. Hatuna budi basi kuitathmini kwa vigezo tunavyovitumia kwa kazi nyingine za sanaa, bila kuionea wala kuihurumia.

Makala haya yanaihakiki filamu ya The Boy in the Plastic Bubble, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza na shirika la televisheni la ABC nchini Marekani tarehe 12 Novemba 1976. Iliongozwa na Randal Kleiser, ikatayarishwa chini ya usimamizi wa Aaron Spelling na Leonard Goldberg. Mswada wake uliandikwa na Douglas Day Stewart kutokana na kisa alichokibuni pamoja na Joseph Morgenstern. Mhusika mkuu, Tod Lubitch, aliigizwa na John Travolta, aliyekuwa na umri wa miaka 22 na aliyekuwa ameanza kupata umaarufu kutokana na mfululizo wa vichekesho wa televisheni. Tod amezaliwa bila kinga ya mwili. Kijidudu ambacho kwa mtoto mwingine kingeleta mafua ya siku tatu kinaweza kumuua yeye. Kwa sababu hiyo analelewa ndani ya chumba cha plastiki chenye hewa iliyosafishwa, kiputo ambacho ndicho kinachoipa filamu jina lake.

Kisa cha aina hii kina uzito wa kutosha kuzaa sanaa kubwa. Hata hivyo mtazamaji makini huondoka akiwa amevunjika moyo, naye hukuta machozi yake yakimwaibisha badala ya kumtakasa. Hoja yetu ni kwamba kasoro ya filamu hii si wingi wa hisia. Kasoro yake ni kuugeuza ugonjwa kuwa kitu kisichokuwa ugonjwa: unafanywa ukuta kati ya wapenzi wawili, na ukuta huweza kubomolewa na mwenye moyo wa kuubomoa. Kugeuza huko kuna athari za kisanaa, lakini pia kuna athari za kimaadili zinazowahusu wagonjwa halisi. Athari hizo ndizo zinazotufanya tuizungumzie filamu ambayo yaelekea wengi wangeona kwamba imekwisha kujifia.

2.0 Utanzu na Masharti Yake

Ni muhimu kwanza kuiweka filamu hii mahali pake. Mwaka 1970 filamu ya sinema ya Love Story ilithibitisha kwamba kifo cha msichana mzuri kinaweza kuleta faida kubwa sana. Mwaka uliofuata, shirika lile lile la ABC lilionyesha Brian's Song, kuhusu mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Brian Piccolo, aliyefariki kwa saratani mwaka 1970. Kutokea hapo filamu za wagonjwa zilifuatana kwa wingi hata Wamarekani wenyewe wakazipachika jina la dhihaka, wakaziita filamu za ugonjwa wa wiki. Wiki hii saratani, wiki ijayo ugonjwa wa damu, wiki ya tatu upofu.

Utanzu huu ulikuwa na masharti yake. Filamu ilitakiwa kukamilika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ilikatizwa mara kwa mara na matangazo ya biashara, kwa hivyo kila sehemu ilihitaji kuishia kwenye kilele kidogo kitakachomzuia mtazamaji asibadilishe stesheni. Ilitazamwa na familia nzima sebuleni, watoto wakiwapo. Haikutarajiwa kuwaonyesha usaha, kutapika wala uchafu wa kitandani. Na baada yake yalikuja matangazo ya sabuni na magari, ambayo hayapendi kumfuata mtu aliyekata tamaa.

Tusiharakishe kuyacheka masharti haya. Kila utanzu una yake. Mtunzi wa utenzi hufungwa na mizani na vina, na bado tenzi bora zipo. Swali la mhakiki ni hili: msanii aliyafanyia nini masharti aliyopewa? Je, aliyatumia kuufikia ukweli, au aliyatumia kama kisingizio cha kuukimbia?

3.0 Msuko: Ugonjwa Kufanywa Ukuta

Filamu inaanza kwa wazazi, John na Mickey Lubitch, wanaosubiri mtoto kwa hofu kwa kuwa wamekwisha kupoteza. Mtoto anazaliwa, ugonjwa unatambuliwa, naye anatengwa na hewa ya watu wengine. Anaishi miaka yake ya kwanza hospitalini Texas, kisha anapelekwa nyumbani, ambako chumba chake kimegeuzwa kuwa kiputo. Sehemu hii ya mwanzo ina utulivu unaostahili sifa. Tunamwona mama anayemlea mtoto asiyeweza kumgusa, naye Diana Hyland aliigiza nafasi hiyo kwa kujizuia, hatuombi machozi. Mwigizaji huyu alifariki kwa saratani mwezi Machi 1977, akiwa na umri wa miaka 41, na tuzo ya Emmy aliyopewa mwaka huo kwa uigizaji wake ilimkuta amekwisha kuzikwa.

Lakini mara Tod anapofika umri wa ujana, filamu inabadilisha swali lake. Swali la mwanzo lilikuwa: mtu anaishije bila kuguswa? Swali jipya linakuwa: je, atampata msichana wa jirani? Gina Biggs, aliyeigizwa na Glynnis O'Connor, anapanda farasi karibu na nyumba hiyo, naye Tod anamtazama kutoka nyuma ya plastiki. Tokea hapo kila tukio linapimwa kwa kipimo cha mapenzi hayo. Masomo kwa njia ya televisheni, vazi la mfano wa mwanaanga linalomwezesha kwenda shuleni, sherehe ya kuhitimu: yote ni hatua za kumkaribia Gina. Hata Buzz Aldrin, aliyetembea mwezini mwaka 1969, anajitokeza kwa muda mfupi akiwa yeye mwenyewe, kana kwamba filamu inataka kutuhakikishia kwamba kuishi ndani ya vazi ni ushujaa wa safari.

Katika nadharia ya msuko, kizuizi cha mapenzi ni mojawapo ya nyenzo kongwe kabisa. Huweza kuwa uhasama wa koo mbili, tofauti ya dini, umaskini au baba mkali. Vizuizi hivi vyote vina sifa moja: hutoka kwa wanadamu, na kwa hivyo wanadamu huweza kuviondoa kwa ujasiri, kwa hila au kwa kufa. Ugonjwa hautoki kwa wanadamu kwa maana hiyo. Haumwonei mtu wivu, haushawishiki, hauogopi ujasiri. Filamu hii inapouweka ugonjwa katika nafasi ya baba mkali, inaupa tabia ambayo haunayo. Mtazamaji hufunzwa kuuchukia ukuta wa plastiki na kutamani uvunjwe, ilhali ukuta huo si ugonjwa. Ukuta ndio unaomweka Tod hai. Adui amebadilishwa: vijidudu visivyoonekana vimesahauliwa, na chombo cha uokozi kimefanywa gereza.

Kuna onyesho moja ambapo filamu inakaribia kujitambua. Familia inampeleka Tod ufukweni katika sikukuu ya tarehe 4 Julai, akiwa ndani ya kibanda chake cha plastiki kinachohamishika. Gina anamwendea, anazungumza naye kwa upole, anamshika mkono kupitia glavu iliyounganishwa na plastiki. Kisha tunagundua kwamba alikuwa amewekeana dau na wenzake. Kwa dakika chache tunapata ukweli mchungu: mgonjwa amekuwa kitu cha kutazamwa, na ule wema aliotendewa ulikuwa mchezo. Kinaya hiki kingeweza kuimulika filamu nzima, kwani nasi pia tunamtazama Tod kupitia kioo, tukiwa tumeketi kwa usalama, tukingoja ahuzunike ili tuburudike. Ila filamu haithubutu kuigeuza kamera kwa hadhira yake. Gina anajuta, anasamehewa, na dau linakuwa hatua nyingine tu ya hadithi ya mapenzi.

4.0 Mwili Usio na Jeraha, Nyumba Isiyo na Hesabu

Huenda mtetezi wa filamu akasema kwamba ugonjwa huu, kwa asili yake, haumwachi mgonjwa na vidonda maadamu yumo ndani ya hewa safi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoifanya kasoro ya filamu kuwa nzito zaidi. Ikiwa mwili hauumi, basi uchungu umo mahali pengine: katika wakati, katika upweke, katika ngozi isiyojua ngozi nyingine. Uchungu wa namna hiyo ni mgumu kuigizwa, lakini ndio ulikuwa kiini cha kisa. Mwelekezi alikuwa na nyenzo za kutosha. Angeweza kutuonyesha siku moja nzima isiyo na tukio. Angeweza kutusikilizisha mngurumo wa mashine za hewa usiku, mashine ambazo zikinyamaza zitakuwa zimetangaza kifo. Angeweza kutuonyesha kijana anayejua majina ya miti yote ya mtaa wake na asiyejua harufu ya hata mti mmoja.

Badala yake tunapewa kijana mwenye mwili wa kupendeza, mcheshi, mwepesi wa maneno, anayeteseka kwa kiasi kile kile anachoteseka kijana yeyote aliyenyimwa ruhusa ya kwenda dansini. Usawiri huu hauna bahati mbaya ndani yake. Unatokana na imani kwamba hadhira haiwezi kumpenda mgonjwa mpaka kwanza afananishwe na mzima. Tod anastahili huruma yetu kwa kuwa, ukiliondoa plastiki, ni John Travolta. Je, kama angekuwa mnyonge, mwenye hasira, mwenye kuchosha kama wagonjwa wa muda mrefu wanavyochosha? Filamu haina jibu, kwa kuwa haikuthubutu kuuliza.

Wauguzaji nao wamefifishwa. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na ndani ya methali hiyo mna mtu mwingine tusiyemwona: yule anayekoroga uji, anayekesha, anayepima mahitaji ya mwenzake bila kuuliza. Ugonjwa mrefu ni kazi, na kazi ina mikono. Katika filamu hii kila kitu kinachoingia katika kiputo ilipasa kitakaswe kwanza, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo haigeuki kuwa sehemu ya mgogoro. Gharama zake haziitikisi nyumba. Wazazi wanaogopa, wanabishana na wanapenda, lakini hatuwaoni wakichoka kwa namna inayobadilisha tabia. Mtazamaji aliyewahi kumuuguza mtu wake ataitambua kasoro hii mara moja, hata kama hajasoma nadharia yoyote.

5.0 Utatuzi Kutoka Angani

Karibu na mwisho, daktari anamweleza Tod kwamba mwili wake umejijengea kiasi fulani cha kinga. Kwamba huenda akaweza kuishi nje, wala hapana hakika. Tod anatafakari. Kisha anatoka. Anamkuta Gina na farasi wake, wanabusiana, wanapanda pamoja na kwenda zao, na filamu inakatika hapo.

Aristotle, katika Ushairi, alishikilia kwamba utatuzi wa msuko sharti utokane na msuko wenyewe, akazikosoa tamthilia ambamo mungu hushushwa jukwaani kwa mtambo ili kufungua fundo ambalo mtunzi ameshindwa kulifungua. Habari ya daktari ni mungu wa aina hiyo. Haikuandaliwa na tukio lolote lenye uzito. Inafika pale inapohitajiwa, yaani Gina anapokaribia kwenda zake na mapenzi yanapohitaji uamuzi. Tena imetiwa shaka kwa makusudi, ili kutoka kwa Tod kuwe ujasiri badala ya kuwa ruhusa ya kitabibu. Waandishi wametaka faida mbili kwa pamoja: usalama wa kupona na utukufu wa kujitoa mhanga. Kwa kutochagua, wameikosa tanzia na wameikosa ramsa.

Kukatika kwa filamu kunastahili kuangaliwa zaidi. Tamati iliyo wazi si dosari yenyewe. Hutumiwa na waandishi wengi wanaoheshimu akili ya msomaji. Ila tamati hii si wazi. Muziki, mwanga wa asubuhi na mwendo wa farasi vinatuambia tufurahi. Lililofichwa ni wiki inayofuata: homa ya kwanza, kikohozi cha kwanza, uso wa mama mlangoni. Filamu inatuomba tuchukulie kutojua kwetu kama matumaini. Mficha maradhi, wasema wahenga, kilio humfichua. Hapa filamu imekatwa kabla ya kilio kusikika.

Hapa ndipo tunapouona ubaya wa uchochezi wa hisia, neno tunalolitumia kumaanisha utoaji wa machozi au furaha ambavyo kisa chenyewe hakijavistahilia. Ubaya huo haumo katika kulia. Umo katika fundisho lililofichwa chini ya kilio. Ikiwa Tod alitoka kwa kuwa alipenda na kuthubutu, basi ni nani yule anayebaki ndani? Mantiki ya filamu ina jibu moja: ni mtu ambaye hakupenda vya kutosha au hakuthubutu. Mgonjwa asiyepona anakuwa ameshindwa mtihani wa tabia. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu ugonjwa kama sitiari, alionya juu ya jambo hili hasa: kwamba maana tunazoubandika ugonjwa humwongezea mgonjwa mzigo wa pili, mzigo wa lawama, juu ya ule wa kwanza wa mwili.

6.0 Mtoto Aliyekuwapo

Onyo hilo halikuwa la kinadharia tu. Filamu ilipoonyeshwa, palikuwa na mtoto huko Houston aliyekuwa akiishi ndani ya kiputo halisi. David Vetter alizaliwa tarehe 21 Septemba 1971 katika Hospitali ya Watoto ya Texas. Kaka yake alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi hayo hayo, kwa hivyo madaktari walijitayarisha, na David akaingizwa ndani ya plastiki sekunde chache baada ya kuzaliwa. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 5. Kisa cha Tod kilichota kwake na pia kwa Ted DeVita, kijana aliyeingizwa katika chumba kisicho na vijidudu huko Bethesda mwaka 1972 kwa ugonjwa mwingine wa damu, naye akafariki mwaka 1980.

Mwaka 1977 shirika la anga la NASA lilimtengenezea David vazi la kumwezesha kutoka, na ndani ya vazi hilo mama yake akambeba mikononi kwa mara ya kwanza. Alilitumia mara chache tu. Alisumbuliwa na jinamizi ambamo vijidudu vilikuwa na mfalme wao. Inasimuliwa pia, kutokana na maelezo ya mwanasaikolojia Mary Ada Murphy aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi, kwamba David alichekeshwa na filamu ya Travolta: ilionyesha kijana akirudi ndani ya kiputo na vazi alilotoka nalo nje, kana kwamba vijidudu haviwezi kupanda juu ya nguo. Hatudhani kuna mhakiki aliyeisoma filamu hii vyema zaidi ya mtoto huyo. Kicheko chake kilitambua kwamba waliyoitunga hawakuufikiria ugonjwa hata kwa muda wa kufunga mlango.

Mwezi Oktoba 1983 David alipandikizwa uboho kutoka kwa dada yake. Ndani ya uboho huo mlikuwa na kirusi kilichojificha, ambacho vipimo vya wakati huo havikukigundua, nacho kikamletea saratani. Tarehe 7 Februari 1984 alitolewa ndani ya kiputo ili atibiwe, na mama yake akaigusa ngozi yake kwa mara ya kwanza. Alifariki tarehe 22 Februari akiwa na miaka 12. Hakuwa amekosa ujasiri wala mapenzi. Alikuwa amekosa chembechembe za kinga.

Tulinganishe kutoka kwa aina mbili. Tod anatoka kwa miguu yake, asubuhi, kuelekea kwa farasi. David anatoka akiwa mahututi, na anachokipata nje ni mkono wa mama. Hatusemi kwamba waandishi wa mwaka 1976 walipaswa kubashiri yaliyotukia mwaka 1984. Tunasema kwamba ule mkono wa mama ulikuwa tayari ndani ya kisa chao. Filamu ilianza kwa mama asiyeweza kumgusa mwanawe; kama ingelifuata fundo hilo hadi mwisho wake, ingelifika mahali pa kweli bila kuhitaji utabiri. Iliacha mama, ikamfuata farasi.

Historia ya baadaye ya ugonjwa huu nayo inakanusha maadili ya filamu. Watoto wanaozaliwa bila kinga hivi leo huweza kuokolewa kwa kupandikizwa uboho katika miezi yao ya kwanza, na kwa baadhi yao kwa tiba ya jeni. Jimbo la Wisconsin lilianza kuwapima watoto wote wachanga mwaka 2008, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yakifanya hivyo. Kilichouvunja ukuta ni maabara, subira, na kifo cha mtoto ambacho madaktari walikubali kujifunza kutokana nacho. Hata hivyo, kazi hiyo ndefu haina nafasi katika ulimwengu wa filamu hii, ambamo daktari yupo kwa ajili ya kuleta habari njema.

7.0 Je, Kosa ni la Utanzu?

Pengine itadaiwa kwamba tunaitaka filamu ya televisheni itende isiloliweza. Mfano mmoja unatosha kulijibu dai hili. Tarehe 11 Novemba 1985, shirika la NBC lilionyesha An Early Frost, iliyoongozwa na John Erman na kuandikwa na Ron Cowen na Daniel Lipman. Ilikuwa filamu kubwa ya kwanza ya televisheni ya Marekani kuhusu UKIMWI. Masharti yake yalikuwa yale yale: muda ule ule, matangazo yale yale, sebule ile ile. Michael, wakili kijana, anarudi kwa wazazi wake kuwaeleza kwa pamoja kwamba ni mgonjwa na kwamba anampenda mwanamume mwenzake. Filamu hii nayo ina machozi, na baadhi ya mazungumzo yake yana uzito wa hotuba. Lakini ugonjwa umebaki ugonjwa. Wahudumu wa ambulensi wanakataa kumchukua. Dada yake, ambaye ni mjamzito, anaogopa kumkaribia. Baba hajui aiweke wapi aibu yake. Hofu hizi zinatoka kwa watu, na watu wanaweza kuzishinda. Kwa hivyo ndizo zinazofanywa mgogoro. Kirusi chenyewe hakishawishiki, na filamu haijifanyi kwamba kinashawishika. Mwishoni Michael anarudi Chicago. Hajapona, hajafa. Tunaachwa na mtu anayeishi na maradhi, na kwa mara moja mwisho ulio wazi ni wazi kweli.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tofauti hii si ya kitaaluma tu. Nchini Kenya, ambako UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kutangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, familia nyingi zilijifunza kwa uchungu kwamba unyanyapaa huua kabla ya kirusi, na kwamba lawama ya tabia ndiyo silaha ya unyanyapaa. Simulizi inayofunza kwamba apendaye na kuthubutu hupona, hufunza pia, bila kutaka, kwamba asiyepona ana lake jambo.

8.0 Mgonjwa Anayesema

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha zamani cha namna nyingine ya kumsawiri mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili hivi kabla ya kifo chake, akimuusia binti yake. Utendi huu umehakikiwa sana kwa kuzingatia nafasi ya mwanamke katika ndoa, na mabishano juu ya suala hilo ni halali. Linalosahauliwa ni kwamba mnenaji wake ni mgonjwa. Anataja maradhi yake mwanzoni, kwa ufupi, kama sababu ya kumwita binti aje karibu na wino na karatasi. Haombi tumlilie. Ugonjwa unakuwa saa inayohesabu: muda uliobaki ni mchache, na lipo la kusema. Anapokaribia mwisho anamwomba Mungu amwondolee maradhi, lakini shairi halimletei daktari mlangoni.

Hali kadhalika katika kisa cha Ayubu, ambacho washairi wa pwani walikitungia utenzi. Katika mapokeo ya Kiislamu Ayubu hupona, na hupona kwa rehema ya Mungu. Ila uponyaji huo hauji kabla ya mali kutoweka, watoto kuzikwa, mwili kuoza, na mke kufanya kazi kwa watu ili mume apate kula. Kila furaha ya mwisho imelipiwa mbele ya macho yetu. Anayedhani kwamba tunapinga miisho ya furaha hajatuelewa. Tunachodai ni hesabu.

Tofauti ya kimsingi, basi, ni ya nani anasema. Mwana Kupona anasema akiwa ndani ya ugonjwa. Tod anasemewa na watu walio nje yake, wanaotamani atoke ili wapumue. Filamu inayomwonea mgonjwa haya haiwezi kumwacha aseme kwa muda mrefu, maana huenda akasema jambo lisilofaa kutangulia tangazo la sabuni.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba The Boy in the Plastic Bubble inamvunja moyo mtazamaji kwa kuwa iliahidi kisa cha ugonjwa ikatoa kisa cha kizuizi. Msuko wake uliufanya ugonjwa kuwa ukuta; usawiri wake uliuondoa mwili na kazi ya wauguzaji; utatuzi wake ulishushwa kutoka angani na kukatwa kabla ya matokeo. Tumeonyesha pia kwamba utanzu wenyewe haukulazimisha haya, kwa kuwa filamu nyingine ya masharti yale yale iliyakwepa.

Funzo kwa wahakiki ni kwamba tunapoitathmini kazi yoyote kuhusu maradhi, iwe riwaya, tamthilia ya shule au mfululizo wa runinga, tusiulize kwanza kama imetuliza. Tuulize maswali matatu. Je, mgogoro umewekwa kwa watu au umesingiziwa ugonjwa? Je, anayeuguza ameonekana? Na je, mgonjwa asiyepona akiitazama kazi hii ataondoka akiwa na heshima yake? Filamu hii ilitazamwa na mtoto wa aina hiyo. Alicheka, kwa kuwa alijua kuhusu mlango wa kiputo mambo ambayo watunzi hawakuyajua. Ni heri kwa sanaa itakayomfuata mgonjwa kama yeye hadi ndani, ikaketi, ikasikiliza.